Tanbihi ya Bi Namalombe

Walionipigia simu kutoka Kikole hawakusema kwamba kuna aliyefariki. Walisema tu, "Mwalimu, kigoda kiko wazi. Njoo kwenye arobaini." Nilikuwa jikoni kwangu Mtanda, Lindi, nikivunja nazi, simu nimeibana kati ya sikio na bega, na maji ya nazi yakamwagika yote sakafuni. Mtu mwingine angeuliza kigoda gani. Mimi sikuuliza. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasema innalillahi, halafu nikaingia chumbani kutafuta kazi yangu ya utafiti ya mwaka wa tatu, nakala yenye jalada la bluu ambayo mchwa wameila pembe moja. Nikaifungua kwenye ule ukurasa wenye tanbihi ndefu kuliko zote, nikaisoma nimesimama. Nimefundisha vijana wa chuo kuandika marejeo mpaka nikastaafu, na ukali wangu wanaujua. Walinibandika jina la Bi Chanzo, wakidhani silijui. Kila kazi niliyoshika niliiuliza mambo yale yale: nani kasema, alikuwa wapi, amejuaje. Hawakujua kwamba maswali hayo niliyapata katika mwaka mmoja wa ujana wangu, kati ya ofisi moja ya chuoni Dar es Salaam na chumba kimoja cha Kikole, na kwamba hilo la mwisho, amejuaje, sijawahi kulitamka bila mgongo kunisisimka.

Mwaka ule nilikuwa mwembamba kama ufito, na niliamini kila kitu kilichopigwa chapa. Nilichagua kuandika juu ya vyakula walivyokula watu wa huku kwetu katika njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Nikakusanya vitabu maktaba, nikajaza kurasa, nikampelekea msimamizi wangu, Dk. Kaseko, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa akinywa chai ya rangi bila sukari huku akikutazama juu ya miwani. Aliisoma mbele yangu, jambo ambalo simtakii hata adui yangu. Kisha akasema, "Bibie, umenitajia vitabu vitano. Vinne vimenakili cha tano, na huyo aliyeandika cha tano hakuila hiyo njaa. Nimekuuliza watu walikula nini, wewe umenijibu mabwana shauri wa kikoloni waliandikiana nini. Nenda kamtafute aliyekula." Nilitoka pale nimenuna. Lakini nilikwenda, tena kwa hofu, maana muhula ule ule mwenzetu mmoja wa bwenini alikuwa amedisko, amefukuzwa chuo, kwa kupika wahojiwa. Aliandika majina ya wazee na vijiji vyao, wakatafutwa, ikaonekana hawaishi popote isipokuwa kichwani mwake. Alifungasha godoro lake mchana kweupe, sisi tukimchungulia madirishani, na hakuna aliyethubutu kushuka kumuaga. Tangu siku hiyo neno "shahidi" sikuliandika tena bila kulirudia mara mbili.

Kijijini Kikole nilipokelewa na Mama Shukuru, mkulima wa korosho, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alinipa chumba cha pembeni kilichokuwa stoo. Magunia yalipangwa mpaka karibu na dari, na harufu ya maganda ya korosho ilikuwa imeingia kila kitu, hata mto wangu. Dirisha lilikuwa dogo, limezibwa kwa kipande cha kanga. Asubuhi tulikula ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa kwa chumvi, unaimenya kwa vidole na kusukumia kwa chai; mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Tulikuwa tukimenya ming'oko nilipomweleza nilichokifuata. Akaacha kutafuna. "Njaa ile?" akasema. "Basi huna haja ya kuzunguka jua lote hili. Nenda kwa Bi Namalombe. Yeye alikuwepo." Alikuwepo! Loo, nilivyofurahi! Ningepiga hesabu ya vidole tu pale pale, kutoka vita vile mpaka mwaka ule, ningejua kwamba mtu wa kuikumbuka njaa ile lazima awe amekula chumvi nyingi mno. Sikupiga. Kichwani nilikwisha kumwona Dk. Kaseko anavua miwani kwa heshima.

Nyumba ya Bi Namalombe ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba, na chumba chake cha mbele kilikuwa kikubwa na kitupu: jamvi, mtungi wa maji, na kigoda cheusi cha mti kilichowekwa peke yake ukutani, bila mtu kukisogelea. Mimi na Mama Shukuru tulimkuta anamalizia adhuhuri. Alikunja msala, akavuta uradi, vidole vya mkono wa kulia vikizipitia punje za tasbihi upesi upesi, kisha akaitundika tasbihi msumarini. Ndipo akaenda kukaa kwenye kigoda. Nilimwona kwa macho yangu mawili: alipokaa, mkono ule wa kulia uliangukia mapajani ukabaki hapo kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Hata uso ulibadilika, ukapoa. "Shikamoo bibi," nikasema. "Marahaba. Jina lako nani?" "Mwanahawa." Akainamisha kichwa, kama anayelisikiliza tena. Nilidhani hakusikia. "Mwanahawa, bibi. Natoka Mtanda, Lindi." Alinitazama kuanzia nyayo mpaka utosini, taratibu, kama mtu anayekagua mzigo wake baada ya safari. "Umechelewa," akasema. Nikafikiri anasemea chakula, maana wali ulikwisha kupakuliwa, nikaomba radhi. Mama Shukuru alicheka, lakini kwa mara ya kwanza kicheko chake hakikutoka nje ya mlango.

Tuliletewa wali na mchuzi wa kunde katika sinia moja. Bi Namalombe akanawa, akaanza kula kwa mkono wa kushoto. Astaghfirullah! Mwanamke wa Kiislamu, ametoka kwenye msala sasa hivi, mkono wa kulia mzima kabisa umelala mapajani, na anafinyanga matonge kwa kushoto! Nilishusha macho. Mama Shukuru alinifinya goti, maana yake kula na unyamaze. Hapo akaingia mzee mmoja na mkongojo, kichwa cheupe pe, mgongo umepinda. Alivua kofia mlangoni, akainama mbele ya yule mama, ambaye mvi zake zilikuwa za hapa na pale tu, akasema, "Shikamoo bibi." Naye akamwitikia, "Marahaba mjukuu wangu," bila kuacha kutafuna. Leo mwanafunzi angeniletea habari hiyo ningemkatisha hapo hapo: we mtoto, na hukuuliza? Lakini mimi nilikuwa nashughulika kutia betri kwenye kinasa sauti. Na kwa macho ya msichana wa umri wangu, kila mwenye mvi alikuwa mtu wa zama za Nuhu.

Halafu akasimulia. Nimesikiliza watu wengi maishani mwangu, ila usimulizi ule sijaupata tena. Hapakuwa na "walisema," wala "inasemekana." "Nilikuwa nachimba ming'oko ng'ambo ya kijito," alisema, "mti wa kuchimbia ukavunjika, ukanichoma hapa." Mkono wa kulia aliuonyesha kwa kidevu, si kwa kidole, nami nilichungulia nisione hata kovu. "Ukavimba, ukanuka, ukafa. Mume wangu alikwisha chukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Tukasikia bandarini Kivinje umeshuka mchele. Nikambeba mtoto mgongoni nikatoka. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama dede. Kabla ya kufika Kiranjeranje nikasikia mgongo umekuwa mzito. Mtoto aliye hai hujishika, unajua. Huyu alikuwa ameacha kujishika." Mama Shukuru alikuwa akilia kimya kimya, anajifuta kwa upindo wa kanga. "Nikamfukia kwa mkono mmoja," Bi Namalombe akaendelea, kwa sauti ile ile ya mtu anayeeleza alivyopika. "Mkono mmoja hauchimbi ndani sana. Nikapanga mawe juu." Nilisubiri kidogo, kisha nikauliza kwa adabu mtoto huyo aliitwa nani, maana Dk. Kaseko hakutaka watu wasio na majina. Akanigeuzia kichwa tu, mwili haukusogea. "Weka nafasi," akasema. "Leo sisemi. Wewe weka nafasi, nitakuja kuijaza mwenyewe." Nikaweka nafasi.

Watu hudhani mambo ya kutisha yana saa zake za giza. Mimi nasema hawajawahi kulala mchana Kikole mwezi wa nane, saa nane, kijiji kimezima kabisa, hata majogoo, na bati linalia kwa joto. Nilikuwa nimejinyoosha stoo kwangu siku chache baadaye, nikamsikia Mama Shukuru na mumewe wakizungumza ng'ambo ya ukuta wa udongo. "Huyu msichana ameambiwa?" mume aliuliza. "Hajauliza." "Si umwambie?" "Nimwambie nini, baba Shukuru? Wanaongea vizuri. Na ni Bi Namalombe mwenyewe aliyesema msichana akija apelekwe." "Alikwambia lini? Si juzi tu amefika?" Nikasikia ufagio ukiegemezwa ukutani. "Aliniambia wakati wa palizi," Mama Shukuru akasema. Palizi ilikuwa imepita zamani. Mimi wakati huo nilikuwa bado Dar es Salaam, nanakili vitabu vinne vilivyonakili cha tano, na Kikole sikuwa hata nimeiwaza. Nililala pale na macho wazi, jasho linanitoka, nikijiambia kwamba huenda sikusikia vizuri. Kesho yake nilifunga begi.

Niliandika upya, nikakabidhi, na Dk. Kaseko akanirudishia kazi baada ya wiki. Alikuwa ameipenda, niliona, maana pembeni aliandika "vizuri" mara mbili, kitu ambacho kwake kilikuwa sawa na sikukuu. Lakini kila palipokuwa na jina la Bi Namalombe palizungushiwa wino mwekundu, na chini aliandika: "Huyu aliona kwa macho yapi?" Nikaitwa ofisini. "Mwanahawa," alisema, na aliponiita jina nikajua pamechacha, "piga hesabu. Mama aliyebeba mtoto katika njaa ile leo angekuwa na umri gani? Nani kasema, alikuwa wapi, amejuaje? Ama mama huyu anakudanganya, ama wewe unanidanganya." Nikamwambia ninayo kaseti. Akataka aisikilize. Tuliiweka kwenye kinasa mezani kwake, kikombe cha chai pembeni, nje wanafunzi wakipita wakicheka. Sauti ya Bi Namalombe ikaanza, mti wa kuchimbia, mkono, njia ya Kivinje. Ilipofika Kiranjeranje Dk. Kaseko akainua kidole. "Na mtoto huyu anayenung'unika hapo nyuma ni wa nani?" Nikasikiliza. Wallahi nilikuwa nimeisikiliza kaseti ile bwenini mara nyingi, nikinakili neno kwa neno, na sikuwa nimesikia kitu. Sasa nikasikia: mtoto mdogo, karibu kabisa na kipaza sauti, analia kile kilio cha uchovu cha kutaka kubebwa. "Hapakuwa na mtoto chumbani," nikasema. Akanitazama. Akanyoosha mkono akakizima kinasa. "Labda ni kuku," akasema, na hakukiwasha tena. Kisha akaniambia nirudi Kikole nikalete maelezo ya shahidi wangu, la sivyo kazi yangu itapelekwa kwenye kamati, na kamati nilijua inafanya nini. Niliwaza godoro langu likishushwa ngazi, watu wakichungulia.

Nilirudi. Safari hii sikukaa hata kunywa maji. Nilimkuta Bi Namalombe juu ya kigoda, Mama Shukuru yuko chini anachambua mchele, nikasalimia, nikauliza kabla ujasiri haujaniponyoka. "Bibi, samahani. Ulizaliwa lini?"

"Unamuuliza nani?"

"Wewe, bibi."

"Mimi nilizaliwa Mjerumani hajapanda huku bara. Huyu," akajigonga kifua kwa mkono wa kushoto, "huyu alizaliwa wakati wa Mwingereza. Anaitwa Fatuma. Mtu mzuri, mswalihina. Unamtaka huyu?"

Mama Shukuru aliusogeza ungo pembeni, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. Katika ukoo ule Namalombe hafi. Aliyekalia kigoda akifariki, siku ya arobaini wazee humkalisha mwingine, na kuanzia hapo akiwa kigodani yeye ni Namalombe: waliokuwa wanamwita bibi wanamwita bibi, hata kama wamemzaa, na aliyoyaona Namalombe ameyaona yeye. Mkono wa kulia ulikufa kwa yule wa kwanza, ndiyo maana hakuna Namalombe anayeutumia. Akiondoka kigodani anakuwa Fatuma, anashika tasbihi na jembe kama kawaida. "Mbona hamkuniambia?" nilisema, machozi yananilenga. "Mbona hukuuliza?" akasema Mama Shukuru. "Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Basi hapo ndipo nilipobanwa. Nikamwambia Bi Namalombe, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba nitaandika habari hii ameambiwa na waliomtangulia. Ni jambo la heshima, nikasema, wasomi wanalikubali, masimulizi ya kurithi yana mahali pake. Mkono wa kushoto ukapiga goti. "Nani ameniambia? Mtaje. Mtu aliyekaa akaniambia mimi habari ya mtoto wangu, mtaje jina! Ukiandika nimeambiwa utakuwa umesema uongo." "Lakini bibi, nikiandika ulikuwepo chuo kitanifukuza." "Basi chagua," akasema. Jamani, nililia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, nimekaa juu ya jamvi la watu na kalamu mkononi, maana niliona wazi kwamba kila nitakaloandika mmoja wao ataniita mwongo, na nusu yangu ilikuwa inamwamini. Bi Namalombe hakunibembeleza. Alisubiri mpaka nilipomaliza kupenga kamasi, kisha akasema, "Andika nikusikie."

Nikaandika tanbihi yangu pale pale, nimeegemeza karatasi kwenye goti, nikamsomea. Nainakili hapa ilivyo: "Namalombe, mahojiano, Kikole. Jina hili hurithiwa katika ukoo. Aliyekalia kigoda wakati wa mahojiano ni Bi Fatuma, ambaye alizaliwa baada ya njaa inayoelezwa. Namalombe anasema alikuwepo. Mwandishi hakupata chanzo kingine cha kuthibitisha. Jina la mtoto:" na baada ya hapo nukta, mstari mzima wa nukta. Alisikiliza amefumba macho. "Umesema kweli juu ya Fatuma," akasema. "Hapo mwisho pia, nafasi yangu umeiweka. Ila ondoa hilo 'anasema'." Nikamwambia hilo siwezi, bibi, hilo ndilo linaloniokoa, bila hilo mimi sina chuo. Akafikiri kidogo. "Haya," akasema. "Libakie. Utaliondoa mwenyewe, tutakapokutana tena." Nilimjibu kwamba inshallah nitakuja Idi. "Sisemi Idi," akasema. Akainuka kigodani, na mkono wa kulia ukainuka pamoja naye, ukachukua tasbihi msumarini, na Bi Fatuma akanitabasamia kama ndiyo kwanza ananiona, akaniuliza kama nimekula.

Dk. Kaseko aliisoma tanbihi ile mara tatu. "Nukta hizi za nini?" "Shahidi amesema atakuja kuzijaza." Alianza kucheka, akaacha katikati, macho yakamwendea kwenye rafu alikoweka kinasa. "Na wewe unaamini alikuwepo?" Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kulia machozi yake yote, kwamba tanbihi haiulizwi inaamini nini, inaulizwa nani kasema. Aliandika "imepita" akanirudishia karatasi. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumeshakuwa walimu wa chuo kimoja na yeye anakaribia kustaafu, nilimkuta anamfundisha kijana mmoja kwa kutumia tanbihi yangu kama mfano. Jina la kijiji alikuwa amelifuta. Kaseti aliniambia imepotea.

Nilifika Kikole siku moja kabla ya arobaini. Nyumba ya kigoda sasa imeezekwa bati, kuna taa ya sola, lakini chumba cha mbele ni kitupu vile vile. Mama Shukuru uzee umempunguza, amebaki mfupi na mwembamba, kicheko chake bado kipo. Ndiye aliyenionyesha msichana aliyechaguliwa, Rukia, fundi cherehani wa Nangurukuru, yuko uani anakata vitunguu vya pilau kwa mkono wake wa kulia, upesi kama mashine. Aliniamkia shikamoo mama, nikaitika, nikakaa naye kwenye mkeka, na kwa kuwa ukali wa kazi hauniishi, nikamhoji. Alikuwa amenuna. "Mama, hata sielewi wameniona na nini. Mimi nimekulia Nangurukuru, huku nilikuwa nakuja Idi tu, nakula, naondoka. Stori zao sizijui. Kuna siku bibi alitaka kunisimulia, nikamwambia bibi nina cherehani ya watu. Na mkono? Si umesikia habari ya mkono? Mimi nitashona na nini?" Nikamfariji kwamba ni pale kwenye kigoda tu. Akaniangalia kwa jicho la mashaka. Nilimpenda sana.

Kesho yake, baada ya hitma, watu walipokwisha kula, wazee walimfunika Rukia kanga ya marehemu, wakamshika mabega, wakamkalisha. Nilikuwa nimekaa mbele, kazi yangu ya jalada la bluu iko mapajani, maana nilikusudia kuwaachia wenyewe. Nilimtazama nisipepese. Mkono wa kulia, ule wa mkasi na kisu, ulishuka mapajani ukatulia. Akapewa chai, akaipokea kwa kushoto. Nikajiambia: hiyo haithibitishi kitu, Mwanahawa, hilo la mkono hata yeye alikuwa analijua jana. Watu wakaanza kupita kumwamkia mmoja mmoja, vikongwe na mikongojo yao, mpaka zamu yangu ikafika. Goti linaniuma siku hizi, nikapiga moja chini kwa taabu. "Shikamoo bibi." Uso ulikuwa wa Rukia, chunusi mbili kwenye paji, na haukuwa umenuna hata kidogo. Alinitazama kuanzia nyayo mpaka utosini.

"Marahaba, Mwanahawa. Umechelewa."

Nilibaki na goti chini. Jina langu angeweza kuambiwa na yeyote pale. Hilo la kuchelewa pia, Mama Shukuru alikuwepo siku ile, huenda alilitia katika maongezi yake. Nilikuwa nazipanga hoja kichwani, moja baada ya nyingine, kama ninavyowafundisha watoto wa watu. Akakishusha kikombe. "Uliniwekea nafasi," akasema. "Iko wapi?" Nikafungua ule ukurasa, sijui kwa vidole gani. Nakala ile haikuwahi kutoka nyumbani kwangu kabla ya safari hii, na ndani yake nukta zile hazijawahi kusomwa kwa sauti isipokuwa mara moja, katika chumba kile kile.

"Andika," akasema. "Mwanahawa."

Nilidhani ananiita. Nikaitika, "Labeka bibi." Akatikisa kichwa, akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya mstari wa nukta. "Jina la mtoto. Andika Mwanahawa. Nilimtafuta muda mrefu, halafu siku ile ukaingia na Mama Shukuru, umekonda vile, ukanitajia." Nje sufuria zilikuwa zikisuguliwa. Nami nikafanya jambo ambalo ulimi wangu umelizoea kuliko bismillahi. Nikauliza, kwa sauti ya darasani kabisa, "Nani amekuambia?" Mama Shukuru alishika mdomo. Bi Namalombe hakukasirika. Alinihurumia, niliona, kwa macho ya yule binti wa cherehani.

"Sikuambiwa," akasema.

Mkobani mwangu nilikuwa na kalamu moja tu, nyekundu, ile ya kusahihishia. Nikajaza nafasi, herufi kwa herufi, jina langu mwenyewe. Huenda bibi alimwambia Rukia siku moja ya Idi na Rukia amesahau kwamba aliambiwa. Huenda Mama Shukuru alilijua tangu mwanzo, akalificha. Hayo yote ningeyaandika pembeni kwenye kazi ya mwanafunzi, na ningekuwa na haki. Kisha nikarudi mstari mmoja juu, palipoandikwa Namalombe anasema alikuwepo, nikakata "anasema."